Amina Iliyotoka Mapema

Nakumbuka adhuhuri moja, mwanangu, nilipowaona madaktari watatu, watu wazima wenye elimu zao na Biblia zao, wakinuniana kwa sababu ya firigisi ya kuku. Usicheke bado. Cheko lina mahali pake, tutalifikia.

Wakati huo nilikuwa nesi kijana katika hospitali ndogo ya misheni, upande wa Nkololo. Wagonjwa wetu wengi walikuwa wafugaji na wakulima wa pamba, na Kiswahili chao kilikuwa cha kuombea maji tu. Kwa hiyo mimi Kabula, pamoja na kuchoma sindano, nilikuwa mkalimani. Mgonjwa akisema kwa Kisukuma, nampa daktari kwa Kiswahili. Na madaktari wenyewe walikuwa wametoka kila pembe ya dunia. Kiswahili ndicho walichokutania, kila mmoja akikivunja kwa namna ya kwao.

Daktari Helga alitoka Ujerumani, mwanamke mrefu, mwepesi wa mguu. Kwake saa saba ilikuwa saa saba, wala haikuwa na mkia. Alihudumia wazazi na watoto. Wiki yake ya kwanza alisimama mbele ya mama mwenye uchungu akipaza sauti, "Sukuma! Sukuma!" Yule mama, katikati ya maumivu yake, akamjibu, "Ndiyo, mimi ni Msukuma, na wewe je?"

Daktari Chidi alitoka Nigeria. Alikuwa daktari wa usingizi, yaani yule anayekulaza usisikie kisu. Mtu wa kifua kipana, sauti kama ngoma, moyo mweupe kama maziwa. Alipoomba, alimwomba Mungu kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto.

Wa tatu alikuwa Daktari Min, kutoka Korea, mpasuaji. Mkimya, mwenye adabu hadi inaumiza. Alimwinamia kila aliyekutana naye, na siku moja nilimwona akimwinamia mbuzi aliyempisha njiani.

Hawa watatu walikula pamoja kila mchana, na Ijumaa walikuwa na ibada yao ya pamoja, kila mmoja akiimba kwa lugha ya mama yake. Mimi na wenzangu tulikuwa tunasimama dirishani kuwasikiliza. Wimbo ule haukuwa na mpangilio wowote, mwanangu, lakini ulikuwa unatia joto.

Basi siku hiyo familia moja ya kijiji cha Ngulyati ilileta jogoo wa shukrani. Mpishi akampika vizuri, na firigisi akaiweka upande wa Daktari Chidi, maana ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri, na kwetu firigisi haiendi kwa mtu yeyote tu. Ilikuwa zamu ya Daktari Chidi kuombea chakula. Mimi niliyekuwa nikiandaa meza nikafumba macho pamoja nao.

Akamshukuru Mungu kwa jogoo. Akashukuru kwa kuku aliyemtotoa. Akaenda kwao Nigeria, akawaombea shangazi zake kwa majina, na walikuwa wengi. Akarudi Tanzania kwa kupitia nchi zote za katikati. Ugali ukaanza kuota ngozi. Alipofika kwa wavuvi wa Kalemela kule ziwani, akiwaombea nyavu zao, Daktari Helga akasema kwa sauti safi kabisa, "Amina!"

Sasa Daktari Min alikuwa amefumba macho kwa unyenyekevu wake wote, anaomba kimoyomoyo kwa Kikorea. Aliposikia "Amina" akajua mambo yamekwisha. Akafumbua macho, akanyoosha mkono, akachukua kilichokuwa karibu, akatia mdomoni. Daktari Chidi hakusikia lolote. Aliendelea hadi kwa mabaharia. Alipofumbua macho yake, akatazama sahani, akatutazama sisi.

"Nani amefunga maombi yangu?"

"Yalikuwa wazi muda mrefu," Daktari Helga akamjibu. "Nzi walikuwa wanaingia."

Daktari Min akameza nusu ya firigisi. "Samahani sana," akasema, akainama. "Ilikuwa tamu."

Wahenga walisema ulimi hauna mfupa, lakini huvunja mfupa. Daktari Chidi akasimama, akasema huko kwao mtu hamkatizi mwenzake anapozungumza na Mungu. Daktari Helga akasema huko kwao Mungu si kiziwi. Daktari Min akataka kuwapatanisha, lakini kwa kuwa bado alikuwa anatafuna, Daktari Chidi akaona anadharauliwa. Wakatawanyika.

Kuanzia hapo kila mmoja alikula chumbani kwake. Ibada ya Ijumaa ikafa kifo cha kimyakimya. Na hawakusemezana, mwanangu. Waliokuwa wameacha makwao wakaja kutibu watu kwa jina la Bwana mmoja, wakawa wanapishana ukumbini kama paka na maji.

Mimi ndiye niliyekoma. Nilikuwa mkalimani wa Kisukuma. Nikawa mkalimani wa Kiswahili kwenda Kiswahili! "Kabula, mwambie Daktari Helga namba tano ana homa." Na Daktari Helga yuko hapo hapo, anasikia. "Kabula, mwambie Daktari Chidi nimesikia." Ukisimama katikati ya watu wanaonuniana, shingo inakuuma kwa kugeuka.

Basi ikaja asubuhi ambayo kununa kulitaka kutuzikia mtu. Waliletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe mama mmoja kijana, Nyanzobe, na mama mkwe wake, Bibi Milembe. Uchungu wa Nyanzobe ulikuwa umemkwama tangu jana yake. Daktari Helga akampima, uso ukambadilika. Lazima apasuliwe.

Bibi Milembe hakuwa mtu wa kanisa. Alishika mila za wazee wake, na shanga za ukoo alizivaa mkononi bila kumficha mchungaji. Nilimwamkia kwa Kisukuma kama mama yangu, "Mwangaluka, mayu." Akaniitikia, kisha akaniuliza, "Hawa watu wenu wanajua?" Nikamwambia wanajua. Akaketi nje, chini ya dirisha la chumba cha upasuaji. Joto lilikuwa kali na dirisha tulikuwa tumelifungua, likabaki na wavu tu.

Ndani, Daktari Chidi akamtia Nyanzobe ganzi. Daktari Min akashika kisu. Daktari Helga akasimama tayari kumpokea mtoto. Na mimi hapo katikati, barakoa usoni, nikianza kazi yangu ya shingo.

"Kabula, mwambie Daktari Chidi, mama anasikia maumivu?"

"Kabula, mwambie Daktari Min, hasikii, aendelee."

"Kabula, mwambie Daktari Min, haraka!"

Mtoto akatoka. Wa kiume, mkubwa, wa rangi ya jivu. Hakulia. Daktari Helga akamsugua mgongo. Kimya. Mashine ya kufyonza makamasi ilikuwa nyuma ya Daktari Chidi, ambaye alikuwa ameinamia mapigo ya mama.

"Kabula, mwambie anipe mashine!"

Nami, mwanangu, maneno yalikuwa yameshajaa kichwani kama mahindi kwenye kiroba. Nikamgeukia Daktari Min badala ya Daktari Chidi. Daktari Min, ambaye mikono yake ilikuwa ndani ya tumbo la mtu, akanitazama kama ninayemwomba chumvi. "Kabula," akaniuliza, "mwambie… mashine gani?"

Hapo ndipo sauti ya Bibi Milembe ilipopasua wavu wa dirisha, kwa Kisukuma cha kuitia ng'ombe.

Wote watatu wakanigeukia. "Anasema nini?"

Nikatafsiri, maana ndiyo kazi niliyoajiriwa. "Anasema, mbona mjukuu wake halii? Na mbona binti mmoja anawasemea watu watatu? Anauliza, ninyi ni mabubu?"

Basi ilikuwa kama mtu amefungua bomba. "Chidi, mashine!" "Helga, shika!" "Min, mama yuko salama, shona!" Majina matupu, bila udaktari, bila Kabula. Mashine ikanguruma. Daktari Helga akafyonza, akampulizia mtoto pumzi, Daktari Chidi akiita "Njoo, baba, njoo!" kwa sauti yake ile ya ng'ambo ya mto. Na mtoto akaja. Alilia kilio ambacho nadhani walikisikia Bariadi mjini. Daktari Helga akakaa chini sakafuni, akalia naye.

Nyanzobe alipotulia wodini, Bibi Milembe akaniita. "Niambie, kwa nini hawasemezani?" Nikamweleza yote. Alicheka hadi akashika ukuta. Kisha cheko likamwisha ghafla, akaniambia nimpeleke kwa wale madaktari. Walikuwa wamekaa watatu barazani, hakuna anayejua aanze vipi. Akasimama mbele yao, nami nikatafsiri neno kwa neno.

"Nawashukuru kwa mtoto. Sasa nisikilizeni. Huyu binti ananiambia ninyi mnamfuata mtu mmoja, aliyesema mpendane. Mimi sijamfuata. Nimekaa pembeni natazama kwanza ninyi mnaomfuata mnaelekea wapi. Leo nimeona. Kununa, wanangu, tunako huku tele. Hatukuhitaji kuletewa kwa ndege."

Daktari Helga ndiye aliyeanza. "Chidi, nilisema Amina kwa sababu nilikuwa na njaa. Si kwa sababu ya Mungu."

"Na mimi," Daktari Chidi akasema polepole, "nilichungulia, nikamwona Min ananyoosha mgongo kwa uchovu, wewe unatazama saa, nikasema ngoja niwakomeshe. Wale shangazi wa mwisho hawakuwa na shida yoyote."

Bibi Milembe hakungoja tafsiri ya hayo. Akafungua kapu lake: ugali wa mtama na mlenda. Akauweka kwenye sinia moja, akawaamuru wale hapo hapo mbele yake. Mlenda, mwanangu, hauna heshima kwa shahada ya mtu. Daktari Min akauvuta, nao ukamfuata. Kadiri alivyoinua mkono ndivyo ulivyorefuka, ukakatia kwenye ndevu za Daktari Chidi. Sasa cheka, ndipo mahali pake. Sisi tulicheka hadi wagonjwa wakatoka kutazama.

Kabla ya Nyanzobe kuruhusiwa kwenda nyumbani, likaja suala la jina la mtoto. Daktari Min akashauri mtoto aitwe Chidi, aliyemwita akaja. Daktari Chidi akakataa, aitwe Min, aliyemtoa. Helga akasema kwa kweli wote wawili wanastahili. Wakaanza kubishana tena, safari hii kila mmoja akimsukumia mwenzake heshima. Bibi Milembe akawatazama wee, akamfunga mjukuu mgongoni. "Ataitwa Masanja, jina la babu yake," akasema. "Nani aliwaambia nitampa mjukuu wangu jina nisiloweza kulitamka?"

Mwanangu, imani moja haileti tabia moja. Utakaa na mwenzako anayeomba kwa kelele, na mwingine anayeomba kwa kimya, na wa tatu utashindwa kujua kama anaomba au amelala. Wote ni wako. Meno ya mbwa hayaumani, ingawa kila siku yanagongana. Usiseme nitampenda akishakuwa kama mimi. Siku hiyo haiko kwenye kalenda. Ukiwa na neno na ndugu yako, mpelekee mwenyewe lingali bichi; neno la kutumwa hufika limechacha. Na kumbuka daima kwamba yuko mtu amekaa dirishani, hajaamua bado, anakutazama unavyoishi na wenzako.

Basi nenda, mwanangu, huko unakokwenda kutibu. Mungu akupe ndugu kutoka usikokujua, na moyo mpana wa kuwakaribisha. Akuepushe na hasira inayolala ndani ya nyumba. Mikono yako iguse wagonjwa wakapone, na siku utakapolemewa, asikosekane wa kukuita kwa jina lako. Mhola, mwanangu. Amani iende nawe.