Yowe Langu Chini ya Madawati

Msinicheke kabla sijamaliza, aibu yenyewe inanitosha, maana hata leo nikipita sokoni hapa Nyanungu akina mama wa dagaa wananiuliza vipepeo hawajambo, na mimi naitikia tu hawajambo, ningefanyaje.

Ilikuwa kipindi cha rashi ya dhahabu, watu wanamiminika kuchimba, nusu ya darasa letu la kidato cha tatu linashinda machimboni, na rafiki yangu Mwita akafukiwa na duara, shimo la kuchimbia, lililotitia, wakamtoa kesho yake asubuhi akiwa mzima, isipokuwa tangu hapo hakusema neno, hata kwa mama yake. Ndipo akaletwa shuleni mshauri mmoja, tukimwita Madam, anayetibu watu kwa maigizo: tuigize siku ile, Mwita aangalie, pengine kilichomkaba kooni kingetoka. Mwita akachagua kwa kidole nani awe yeye, akaninyooshea mimi (mchekeshaji wa shule, jamani, Mwita!).

Nikalazwa chini ya madawati, nikafunikwa magunia.

"Marwa, omba msaada kwa sauti ndogo," Madam akaniambia. "Tumwendee taratibu."

Mimi nikaona sauti ndogo ni ya wanakwaya, nikavuta pumzi nikapiga yowe, lile lenyewe la kuitana wezi wa ng'ombe wakivamia, alilonifundisha babu, na madirisha yote wazi.

Huku kwetu yowe likipigwa hakuna anayeuliza, ni kukimbia. Wakaja wachimbaji na sululu na kamba, wazee na mishale, akina mama na miiko (bado ina ugali), wakamsukuma Madam pembeni, wakaona miguu imetokeza chini ya magunia, wakavuta. Suruali ikatangulia, mimi nikafuata baadaye, nimevaa bukta ya dada yangu yenye vipepeo, mbele ya wasichana wote wa darasa.

"Ng'ombe wako wapi?" akauliza mzee mmoja, upinde mkononi.

"Shikamoo babu."

"Nimekuuliza ng'ombe, sijakuuliza shikamoo! Nani kapiga yowe?"

Nikatazama dari, kana kwamba yowe limedondoka huko.

"Ni Marwa," ikasema sauti ya kukwaruza nyuma yangu.

Mwita! Mama yake, aliyekuja mbio na wenzake, akadondosha mwiko.

"Hata mimi nilipiga hivyo hivyo," Mwita akaendelea. "Usiku kucha. Hamkuja."

Yule mzee akaweka upinde chini, akamsogelea.

"Makarasha ya kusagia mawe yalikuwa yananguruma, mjukuu wangu. Hatukusikia. Leo tumesikia."

Mwita akalia, mama yake akalia, Madam naye akalia, mimi nikatafuta suruali yangu.

Mbuzi wa faini ya yowe la uongo alitoka zizini kwa baba, na maneno ya baba siyaandiki hapa. Nimeapa, hata nikikanyagwa na ng'ombe nitaomba msaada kwa kunong'ona. Ila Mwita sasa anaongea mpaka anakera, na hadithi anayoipenda kuliko zote ni ya vipepeo, anaisimulia sokoni, kanisani, machimboni, na shule nzima ni mimi peke yangu nisiyeweza kumwambia anyamaze.