Hiyo "Si" Yako

Mume wangu ndiye fundi wa ving'ora vya tsunami, na mjini kote anaitwa Jaribio. Kila mwezi ving'ora vinalia, kisha spika zinatoa sauti yake aliyoirekodi: "Hili ni jaribio." Watu wanaendelea na shughuli zao. Aliporekodi onyo la kweli, akasema: "Hili si jaribio." Nikamwambia, baba watoto, mimi nashona kule ufukweni, upepo ukivuma kinachofika ni jaribio tu, sema kitu kingine. Akanijibu, "Sikilizeni vizuri. Kiswahili ni Kiswahili." Nimeolewa na kichwa kigumu, wala sitanii.

Siku moja asubuhi ardhi ikatikisika, mkasi wangu ukadondoka mezani. Tetemeko halibishi hodi, lakini likishapita, mitambo ya kina mume wangu hutambua kama bahari itafuata, na hapo mtu anapata muda wa kupanda mlimani, kama ataondoka. Ving'ora vikalia. Sauti yake ikafuata, upepo ukatafuna nusu: "...jaribio. ...jaribio." Muuza mkaa jirani yangu akarudi kupanga magunia yake.

Nikakimbilia kwa mama mkwe, nyumba ya mwisho kabla ya mchanga. Nikamkuta anachambua mchele.

"Mama, inuka twende. Hii ni ya kweli."

"Mwanangu kasema jaribio."

"Kasema si jaribio, mama."

"Si ndiyo hivyo, jaribio."

Nilitaka kulia kwa hasira. Nikamshika mkono, akauvuta. Bahari imeshaanza kurudi nyuma, mashua zimelala ubavu kwenye tope, na yeye kakaa na ungo wake. Nikampigia mume wangu simu, nikamfokea: "Zima hiyo takataka. Mama yako hatoki. Ongea mwenyewe."

Spika zikakatika, kisha zikakohoa. "Mama, ni mimi. Maji yanakuja. Acha kila kitu, panda mlimani. Mama, nakuomba."

Ungo ukaanguka. Mtaa mzima ukatoka mbio, maana kila mama alidhani anaitwa yeye, na kila mwenye mama akaenda kumchukua. Tukiwa juu, tukaona maji yakibeba nyumba ile, na cherehani yangu pia.

Jioni mume wangu akatukuta. Akamkumbatia mama yake, halafu akanigeukia.

"Lakini ile 'si' niliisema."

Nikafungua mdomo nimpe zake, mama mkwe akaniwahi.

"Mimi nilichosikia ni 'mama'," akasema. "Karekodi hiyo."