Kibuyu Alichokiharibu Dada

Dada yangu alirudi Butiama kutoka chuo cha ng'ambo akiwa na chupa ndogo iliyofungwa barabara. Ndani mlikuwa na maji, na juu ya maji madonge meupe. Alisema ni vimirija vya boroni nitridi, vyembamba mno hata unywele kando yake ni gogo. Huvitengeneza kwa kupasha boroni moto mkali ndani ya hewa ya nitrojeni. Kisha huvisafisha, halafu huvitia dawa ili vikubali kuchanganyika na maji. Vyake vilikataa.

"Sirudi tena kule," aliniambia tukipalilia mihogo. "Nimeshindwa. Usimwambie mama kwanza."

Mimi niliishia darasa la saba, na maneno hunitoka polepole. Nilitaka kumwambia arudi. Nikaendelea kupalilia.

Jioni mama alimpa kibuyu kipya akiandae kwa maziwa. Dada alikikata mdomo, akamwaga mbegu, akasuuza, akakifukiza kwa kijinga cha moto. Asubuhi mama alionja maziwa yaliyolala humo, akatema.

"Wewe msomi! Ulikikwangua ndani?"

"Nilisuuza, mama."

"Si ulikuwaga unajua hii kazi? Kinakaa na maji mpaka nyama yake inaoza, unatikisa na changarawe mpaka uchungu unaisha. Ndiyo unafukiza. Wewe umefukiza uchafu!"

Nilicheka. Dada hakucheka. Alikwenda ndani, akarudi na ile chupa, akaitazama kwenye jua.

"Kuna boroni haikugeuka vimirija, ikabaki," alisema. "Nilitia dawa kabla sijaisafisha ikaisha. Dawa imeshika mabaki."

"Nani amekuuliza dawa?" mama alisema. "Lete changarawe."

Tulikitikisa kwa zamu, mimi na dada, siku baada ya siku, mpaka mama alipoonja maji yake bila kutema. Dada akafukiza upya. Tulipokwisha kunywa maziwa ya kwanza, akaanza kukunja nguo zake.

Nilimsindikiza hadi Bunda kupanda basi la Mwanza.

"Ulimwambia mama?" dada aliuliza.

"Hapana."

Akanishika kichwa kama zamani nilipokuwa mdogo.

Baadaye dada alituma picha kwenye simu: chupa nyeupe yote, bila donge. Mama aliitazama sana.

"Yamekuwa maziwa," alisema. "Mwambie asinywe."

Niliandika hivyo, herufi moja moja. Chini yake nikaongeza langu: Kibuyu chako ndicho tunachotumia.