Ekseli za Magari Yaliyokataliwa

Kwetu Kangari walisema sitaweza. "Kijana amepanda ndege mpaka Uingereza kusomea takataka," walicheka, "ati atarudi afagie akiwa na tai." Nilirudi na diploma ya usafi wa miji, ya kwanza katika lokesheni yetu. Tai ninayo hadi leo.

Siku yangu ya kwanza kazini, katika mji mdogo kati ya Kiganjo na Karatina, Karani wa Mji, mkubwa wa ofisi nzima, alinikabidhi taka za nyumbani na magari makuukuu. Nikaweka sheria. Kila nyumba itenge maganda na jivu, na jivu liwe limepoa, maana makaa yaliyojificha yalikuwa yakiunguza mapipa. Gari lisilo na breki ya kuaminika nililipiga alama nyeupe ya kukataliwa, likavutwa hadi uwanja wa baraza la mji na kutolewa oili na betri kabla ya kuuzwa chuma chakavu. Watu walinung'unika. Sikujali, nilikuwa na diploma.

Ndipo Wangari, muuza kabichi, akaniambia mbele ya soko zima, "Bwana Diploma, gari ya shemeji yangu umekataa. Na hii lori yako ya taka, iko na breki?"

Nililikagua mwenyewe. Likashindwa. Nikalipiga alama nyeupe.

Karani wa Mji akaniita. "Umekataa lori letu la pekee?"

"Sheria ni moja, mzee."

"Haya. Ijumaa daktari wa wilaya anakagua soko. Akikuta taka atalifunga, na wewe utarudi Kangari na tai yako."

Nilimwendea Wangari na wenzake watano kuazima mikokoteni yao. Wangari alicheka mpaka akakalia kabichi. "Chukua. Lakini urudishe ikiwa mizima."

Nilisukuma pamoja na wafagiaji, mikono ya shati nimekunja. Ijumaa daktari alizunguka akakosa la kuandika. Lakini lori jipya tuliloagiza lilichelewa miezi minne, na vilima vyetu vikaimaliza ile mikokoteni. Kila asubuhi Wangari, akikodi wabebaji, aliniuliza, "Bado?"

Jibu lilikuwa uwanjani kwangu: magari ambayo wenyewe walikuwa wameliachia baraza. Nilimwita fundi, tukang'oa ekseli na magurudumu, tukaunda mikokoteni sita mipya.

"Wewe ndiye uliyeandika gari lililokataliwa lisirudi barabarani," Karani wa Mji alisema, kalamu mkononi.

"Injini hairudi, mzee."

Akatia sahihi huku akicheka.

Nimestaafu sasa, na vijana wenye digrii huja kuniuliza habari za taka. Huwasimulia asubuhi tuliyoingia sokoni tukisukuma mikokoteni sita, kila mwenye wake akipokea. Wangari aliinama, akapangusa chuma kwa kidole.

"Hii ekseli ni ya shemeji."

"Ndiyo, mama."

"Na breki?"

"Breki ni miguu yako."

Akaanza kuupakia mkokoteni wake kabichi. "Basi," akasema, "gari imerudi nyumbani."