Boksi la Bi Bandarini Mkoani

Siku za kampeni kila mzigo ulifunguliwa, na foleni yetu bandarini Mkoani haikusogea. Nje magari yalishaanza kupiga honi. Ofisa akatoa kikapuni mwa bibi mmoja boksi lenye picha ya zabibu.

"Bi, huu mvinyo."

"Juisi hiyo, nimepewa Dar. Kwani weye umeionja?"

Ofisa akatutazama. Sote tukatazama viatu vyetu. Mwanamume wa kanzu, mwenye haraka, akapenya mbele, akachomoa ubavuni mwa boksi kibomba ambacho hatukujua kipo, akaonja tone kidoleni.

"Mvinyo mweupe, tena wa bei rahisi. Ule mzuri hauwi mchachu hivi. Haya, tupisheni!"

Bibi akamkazia macho. "Weye si mwana wa jirani yangu pale Gando? N'tamsalimia mamako."

Boksi lilizuiwa na forodha. Aliyekamatwa ni mwenye kanzu, na hakimu wake yuko Gando, hana habari bado.