Wajina Wangu Ndani ya Kompyuta

Nilikuwa na miaka kumi na minne na kiburi cha kutosha kijiji kizima. Nasema mapema ili usije ukanihurumia bure. Likizo ile ya Aprili, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipelekwa Kitui kwa baba mdogo, ndugu yake baba, ambaye alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo na kompyuta. Kwetu Mbumbuni hata stima haikuwa imefika nyumbani. Yeye aliiweka kompyuta yake sebuleni, akaifunika kitambaa cha kufuma kama watu walivyofunika redio, na mimi na binti yake, rika langu, tukapewa ruhusa ya kuichezea mchana akiwa kazini.

Baba mdogo alikuja pia na disketi moja ya mchezo. Mchezo wenyewe ulikuwa hivi: unaunda watu wanne, unawapa majina na silaha, kisha unawashusha chini ya ardhi kwenye mapango ya mazimwi. Kuta zilikuwa mistari tu ya kijani kwenye skrini nyeusi. Mengine yote uliyasoma na kuyaona kichwani. Na kulikuwa na sharti moja, ambalo binti wa baba mdogo alilisoma kwenye kijitabu akalirudia mara mbili: mtu wako akifa, disketi inaandika papo hapo kwamba amekufa. Huwezi kuzima mashine ukajifanya hujaona.

Majina ya Kizungu tuliyajaribu tukacheka. "Huyu wa mbele mwenye upanga mpe jina lako," akaniambia. "Si wewe ndiye mkali?" Nikaliandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi.

Hapo ndipo nilipokosea, na lazima nieleze. Jina langu si langu. Sisi Wakamba mtoto hupewa jina la nyanya au la babu, na mimi, msichana wa pili nyumbani, nilipewa la mama yake mama. Nyanya kwetu ni Susu. Susu aliniita wajina. Mama aliniita "mama" tangu nikinyonya, na akikasirika alinichapa bila kunitaja, maana kulitukana jina lile ni kumtukana mamake mzazi. Nilikua nikijua kwamba mimi na Susu ni mtu mmoja anayekaa nyumba mbili. Halafu nikaenda nikamfungulia nyumba ya tatu ndani ya mashine, nikampeleka vitani.

Siku tatu alishinda. Lakini kila pigo lilitangazwa kwa maandishi: fulani ameumizwa, fulani amebakiwa na nguvu kidogo. Nililisoma jina la Susu likiumizwa mara ishirini kwa siku. Kitu ndani yangu kilisema acha, badilisha jina, anza upya. Nikaendelea kucheza. Nani alitaka kuitwa mshamba na mtoto wa mjini?

Siku ya nne, ghorofa ya tatu chini, nyoka akamuuma. Sumu ya mchezo ule haikuua mara moja. Kila hatua ilipunguza nguvu, na dawa ilikuwa imetuishia. Tukamgeuza turudi juu. Kumi na mbili, kumi na moja, kumi. Binti wa baba mdogo alikuwa anahesabu kwa sauti mpaka nikamwambia anyamaze. Ngazi hatukuiona. Jina likabaki pale chini ya skrini, na kando yake neno moja: amekufa.

"Woi!" nikasema. Mwenzangu akacheka, akaniangalia usoni, akaacha.

Kesho yake baba mdogo alikuja kula chakula cha mchana na habari. Mama alikuwa amempigia simu ofisini kutoka posta ya Mbumbuni. Susu ameanguka shambani, hali chakula, na anamtaka wajina wake aje ambariki. Kwetu mzee hubariki kwa mate: anakutemea kidogo viganjani, unajipaka kifuani, na mema yake yote yamekuwa yako. Mzee hasemi anataka kufanya hivyo ila akijua anaondoka.

"Alianguka lini?" nikauliza.

"Jana. Mchana mchana hivi."

Ndiyo saa tuliyokuwa tunahesabu hatua. Binti wa baba mdogo aliweka kijiko chini na hakukiinua tena.

"Kesho asubuhi nakupandisha gari," baba mdogo akasema.

Sasa ifikirie akili yangu. Kijitabu kilisema mtu wako akifa, wenzake wakimbeba maiti wakamfikisha kwenye hekalu la mji ulio juu, makuhani wanaweza kumfufua. Mtu mwenye akili timamu angefunga nguo. Mimi niliona kwamba kwenda Mbumbuni ni kwenda kumzika Susu, na kubaki Kitui ni kumponya. Asubuhi nikalala kitandani nimeshika tumbo. Nikalia machozi ya kweli, kwa sababu niliogopa kweli, na baba mdogo akaamini. Akaenda kupiga simu posta ya Mbumbuni, mama aambiwe kwamba mtoto ni mgonjwa.

Siku hiyo tuliowaongoza mchezoni walikuwa watatu tu, dhaifu, na maiti mgongoni. Tulichora njia kwenye karatasi ya daftari. Saa nne stima ikapotea. Tulikaa sebuleni mpaka jioni tukitazama balbu, na nje watu wanakwenda sokoni kana kwamba hakuna kitu. Kila gari lililopunguza mwendo njiani nilidhani linaleta habari.

Siku iliyofuata mama alipiga tena. Susu bado anauliza. Mke wa baba mdogo akanichemshia mizizi michungu ya tumbo, nikainywa kikombe kizima. Stahili yangu. Alipotoka kwenda kazini, nikaruka kutoka kitandani. Hadi jioni tulikuwa tumefika ghorofa ya kwanza.

Siku ya tatu ya ugonjwa wangu wa uongo, kabla ya saa nne asubuhi, tukalifikia hekalu. Mwenzangu akasoma tena kijitabu, polepole: makuhani wakishindwa, maiti inageuka majivu na jina linafutwa kabisa.

"Usibonyeze," akasema. "Nenda tu kwenu. Haki ya Mungu, nenda kwenu. Gari la mchana lipo."

Alikuwa anasema kweli, na nilimjibu vibaya. Nilimwambia hana wajina wa kumpoteza. Akaenda jikoni akaniacha peke yangu na kile kitu. Nikabonyeza. Skrini ikawa tupu na disketi ikaanza kukwaruza, ikakwaruza, ikakwaruza. Kisha jina likarudi. Amefufuka. Nguvu: moja.

Nilipiga kelele mpaka jirani akauliza kuna nini. Nikaenda jikoni nikamkumbatia binti wa baba mdogo, nikamwomba msamaha, tukarukaruka kama wajinga. Tumbo halikuuma tena. Nikaoga, nikavaa gauni langu la kanisani, nikafunga begi. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena maishani, na sitanii.

Baba mdogo alifika kabla ya saa zake. Alikaa kitini bila kuvua koti. Aliona begi mlangoni, akaliangalia muda mrefu.

"Kumbe umepona," akasema. Kisha akaniambia Susu ameaga asubuhi ile, saa nne.

Baada ya mazishi nilikuwa na mama nyuma ya jiko, tunaosha sufuria za wageni. Aliongea bila kuniangalia. Alisema siku zile mbili Susu alikataa uji, akawa anaomba maji tu, tone tone kwa kijiko, kwa sababu mdomo wake ulikuwa umekauka na wajina wake alikuwa njiani, asije akafika akakosa mate ya kumbariki.

"Mwishowe nikamwambia usingoje, wajina wako amelala anaumwa na tumbo," mama akasema. "Akasema basi tumwombee mtoto. Tukamwombea. Hakuongea tena baada ya hapo."

Akanifuta uso kwa mkono wenye sabuni, akaniambia nisilie, ugonjwa haumwulizi mtu ruhusa. Mama sasa ni mzee. Bado ananiita mama, na bado sijamwambia kwamba sikuwa mgonjwa.