Siku Baba Alipopanda Mawe ya Aspendosi

Jirani yangu hapa Lurambi ana mchungwa mmoja nyuma ya jiko lake. Ukitoa maua, harufu yake huvuka ua na kuingia sebuleni kwangu bila hodi, nami huacha chochote nilichokuwa nikifanya. Hunirudisha mbali, ndugu zangu, mpaka uwanda wa Antalya kule Uturuki, ambako michungwa ilichanua pande zote za barabara, nami nikiwa msichana wa miaka tisa.

Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Baba, karani wa ofisi moja mjini Kakamega, alimzika, akarudi kazini, na tangu hapo jina la mama halikutajwa nyumbani kwetu. Hakunikataza. Ila nilipolitaja mara ya kwanza, aliweka tonge chini akatoka nje, na ugali wake ukapoa. Sikulitaja tena.

Senje, dada yake baba, alikuwa ameolewa Antalya. Nadhani alisikia jinsi kaka yake alivyoitikia simu siku hizo, neno moja moja kama mtu anayedaiwa maneno, kwa maana alitutumia tiketi. "Njooni mtembee," alisema. "Hata mawe ya huku yatawapa cha kuongea."

Baba alivaa suti yake nyeusi siku zote za matembezi, bila kujali jua kali. "Mgeni ni kuku mweupe," aliniambia. "Basi kuku awe safi."

Asubuhi moja Senje alitupeleka Perge. Baba alilijua jina hilo kutoka Matendo ya Mitume, akatembea kwa unyenyekevu wa mtu aliyechelewa ibada. Kulikuwa na barabara ndefu ya mawe kati ya nguzo zilizovunjika, mijusi wakiota jua, na maua mekundu yakichungulia nyufani. Magurudumu ya kale yalikuwa yameacha mikwaruzo mirefu ndani ya mawe. Baba alichutama, akapitisha kidole kwenye mkwaruzo mmoja. Nilisubiri aseme kitu. Aliinuka, akapangusa vumbi kidoleni.

Mchana tukafika Aspendosi, kwenye jumba la maonyesho lisilo na paa, viti vyake vya mawe vikipanda kwa nusu duara kama kilima kilichochongwa ngazi. Senje alitueleza kwamba mtu akiongea pale chini, wa juu kabisa humsikia, na wa juu naye husikika chini. Sikungoja amalize. Nilipanda mbio, viatu vikilia juu ya mawe, mpaka safu ya mwisho.

Nikageuka. Uwanda wote ulikuwa mbele yangu: mashamba ya michungwa, mto uliojipinda, na kwa mbali bahari nyembamba kama uzi. Kisha nikatazama miguuni pangu. Viti vilitelemka mpaka chini kama ukuta. Nikakumbatia jiwe na kuita neno la kwanza lililonijia.

"Mama!"

Lilishuka mpaka chini, safi, bila kupungua. Wageni wote waligeuka.

"Muhonja, tulia hapo hapo!" Senje alipaza sauti.

Mlinzi alianza kupanda. Nikaona baba akimshika bega, akimrudisha chini, kisha akaanza kupanda mwenyewe. Alipanda kwa namna ya ajabu, mikono ikipapasa kila kiti, macho yakiwa yameganda kwenye jiwe la mbele yake. Alipofika alikaa kando yangu, akahema. Nikajua nitakaripiwa.

"Mama yako angefika hapa kabla yako," alisema.

Niligeuka kumtazama.

"Alikuwa anapandanga mpera wa kwao hata na wewe tumboni. Mimi nasimama chini namwomba ashuke. Yeye ananirushia mapera."

"Yalikuwa yanakupata?"

"Yote. Hapa kichwani."

Nikacheka. Naye akacheka, cheko lenye kutu, kisha akafuta macho kwa mkono wa koti.

"Haya," akasema, akanishika mkono. "Mpanda ngazi hushuka."

Tulishuka kwa kukalia makalio, kiti baada ya kiti, na suruali ya suti ile haikupona. Senje alicheka mpaka akaketi chini. Jioni ile, mezani kwake, baba alisimulia habari za mama mpaka chai ikapoa, na tuliporudi Kakamega jina lake tulirudi nalo. Nililelewa na baba aliyeongea. Kwa hilo namshukuru Mungu hadi leo.

Nilikuwa msichana mkubwa paa letu lilipovuja, nikaona baba akimwita fundi kwa ajili ya msumari mmoja tu. Nilipomtania, alikiri kwamba tangu utoto huogopa kupanda, hata kiti cha kubadilishia balbu.

"Sasa kule Aspendosi ulipandaje?" nikamuuliza. "Si mlinzi alikuwa tayari anakuja?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la wazi kabisa.

"Uliita mama," akasema. "Mlinzi angeitikaje?"